Mfuta Vifuniko

Kwa miaka ishirini na minne alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali, mahali penye mvuke kutwa nzima na mashine tatu ambazo hazikuwahi kuwa nzima zote kwa wakati mmoja. Alikuwa mwanamke wa kimo cha kati, mwenye mikono mipana iliyochujushwa na dawa ya madoa, na sauti ambayo wauguzi waliisikia kabla ya kumwona mwenyewe. Muuguzi akileta shuka bichi lililosahauliwa kapuni tangu jana yake, alirudishiwa kapu pamoja na maneno.

"Nguo mbichi hailazwi," alikuwa akisema. "Ukiilaza, inaamka na wenzake."

Alipostaafu, mdogo wake wa kike hakumpa hata mwezi mmoja wa kupumzisha miguu. Mdogo mtu alikuwa na duka la vinywaji, duka jembamba lenye dirisha moja la kuuzia, chini ya jengo la ofisi la ghorofa nne, likitazamana na chuo cha afya. Waliuza chai, kahawa na juisi, karibu vyote vya kubeba. Mteja anasimama dirishani, anapewa kikombe cha karatasi chenye kifuniko cha plastiki, anashika njia.

"Dada, wewe kazi yako ni kufunika na kumpa mteja," mdogo wake alimwambia. "Mimi huku nyuma nachemsha na kusaga. Kazi ya kukaa tu hiyo."

Kazi ya kukaa ikawa kusimama kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi jioni. Hakulalamika. Wateja walianza kumwita Shangazi, ingawa hapakuwa na hata mmoja ambaye baba yake alikuwa kaka yake, na jina likamganda.

Wiki ya pili, karani mmoja wa ghorofa ya juu, mtu wa tai na maneno machache, alirudi dirishani na kikombe chake. Alikifunua, akageuza kifuniko ili foleni yote ione. Ndani yake alikuwamo sisimizi, amekufa, amelala chali.

"Shangazi, huyu ni wa bure au natakiwa kuongeza hela?"

Foleni ikacheka. Shangazi hakucheka. Uso ulimshuka kama mtu aliyefumaniwa na nguo ya ndani mkononi. Alimbadilishia chai, akaomba radhi, na siku iliyofuata akaja na kitambaa.

Kilikuwa kitambaa cheupe cha pamba, alichokikata mwenyewe kutoka kwenye foronya na kukipinda kingo. Kila jioni alikichemsha, akakianika, na asubuhi akakikunja mara nne na kukichovya katika bakuli dogo la maji. Mteja akishaagiza, alichukua kifuniko kutoka kwenye lundo lililokuwa kaunta, akakifuta juu, akakifuta chini, akazungusha ukingo mzima, kisha akapitisha ncha ya kitambaa pale kwenye kijitundu cha kunywea. Halafu alikiinua kidogo kuelekea kwenye mwanga, akakitazama, ndipo akafunika. Hakuna aliyewaza kwamba dawa ya sisimizi ilikuwa kufunika boksi la vifuniko na kuliondoa kaunta. Kufuta kulionekana. Boksi lililofunikwa lisingeonekana na mtu.

Wateja walipenda. Walipenda kuliko mtu angeweza kutarajia. Wapo waliopita maduka mawili ya karibu na nyumba zao ili waje kufutiwa kifuniko. Wanafunzi wa chuo walisubiri foleni yake hata kama chai ya kwingine ilikuwa tamu zaidi, na ukweli ni kwamba ilikuwa tamu zaidi. Mdogo wake akaandika kwa chaki kwenye ubao wa nje: KILA KIFUNIKO HUFUTWA MBELE YA MACHO YAKO. Haikupita miezi mitatu, mwenye duka la upande wa pili wa barabara naye akanunua kitambaa.

"Ameiga," alisema mdogo mtu.

"Aige," alisema Shangazi. "Usafi hauna mwenyewe."

Kama alijisikia fahari, na alijisikia, hakuionyesha ila kwa kitu kimoja: alianza kuvaa aproni nyeupe.

Mambo yalikwenda hivyo karibu miaka miwili.

Miongoni mwa wateja wa asubuhi alikuwamo mwalimu wa maabara wa kile chuo, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwenye miwani iliyoshikizwa na gundi upande mmoja. Alikunywa chai isiyo na sukari na hakuwa mzungumzaji. Siku moja aliomba vifuniko. Alikuwa na somo la kuwafundisha wanafunzi namna ya kuotesha vijidudu kutoka kwenye vitu vya kila siku. Walikuwa wameshapima vitasa vya milango, simu na kalamu, na sasa alitaka kitu kinachogusa mdomo.

"Vichukue," Shangazi alimwambia. "Tena subiri." Alifungua pakiti mpya, akamwachia atoe vifuniko kumi mwenyewe kwa glavu zake na kuvitia mfukoni. Kisha akafuta vingine kumi, polepole, kila kimoja kama cha mgeni wa heshima, akavitia kwenye mfuko wa pili. "Hivi ndivyo nilivyovifuta. Wapime vyote, watoto wa watu waone tofauti."

"Asante, Shangazi."

"Na uniletee majibu."

Ilikuwa saa tano na nusu asubuhi, foleni ya kwanza imekwisha.

Wiki iliyofuata mwalimu hakuonekana dirishani. Siku nne mfululizo Shangazi alimwona akipita ng'ambo ya barabara, kichwa chini, akiingia chuoni bila chai. Siku ya tano alikuja saa nane mchana, wakati duka halina watu.

"Umepotea wewe!" Shangazi alisema. "Nikadhani umeolewa mbali."

Mwalimu alitabasamu kidogo tu. "Shangazi, vile vifuniko tumevipima."

"Enhe."

"Vya kwenye pakiti vilikuwa safi. Si kabisa, lakini karibu na kabisa."

"Na vyangu?"

"Vyako ndivyo vilivyokuwa vichafu. Vyote kumi."

Nyuma ya duka mashine ya kusagia matunda ilikuwa inanguruma, kisha ikanyamaza. Shangazi alingoja inyamaze ndipo akajibu.

"Umechanganya mifuko."

"Mimi pia nilidhani hivyo. Ndiyo maana nimekaa siku zote hizi bila kuja. Nimesoma alama za visahani vya kuoteshea mara tatu. Sijachanganya."

Shangazi alimimina chai isiyo na sukari, akasukuma kikombe mbele ya mwalimu hivyo hivyo, kiko wazi.

"Chai yako," alisema. "Angalia isikuunguze."

Mwalimu aliondoka akikishika kwa mikono miwili, akivuka barabara hatua kwa hatua kama aliyebeba taa.

Siku mbili zilizofuata Shangazi alifuta vifuniko kwa bidii kuliko siku zote. Alibadilisha kitambaa saa sita, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliweka tone la dawa kwenye bakuli. Mdogo wake alimuuliza kama anaumwa, akajibu kwamba haumwi. Siku ya tatu alivua aproni saa saba mchana, akasema anarudi sasa hivi, akavuka kwenda chuoni.

Maabara ilikuwa chumba kirefu chenye meza za vigae na harufu iliyomkumbusha hospitali. Mwalimu alikuwa peke yake, anaosha chupa. Hakuuliza kilichomleta. Alifungua friji ndogo, akatoa visahani vya plastiki vyenye mifuniko ya kuonea, akavipanga mezani mistari miwili.

"Usifunue tu," alisema.

Mstari wa kwanza visahani vilikuwa vitupu, jeli ya rangi ya asali imetulia, hiki na nukta moja, kile na mbili. Mstari wa pili haukuhitaji mwalimu wa kuueleza. Jeli ilikuwa imejaa madoa, meupe, ya manjano, mengine yamekutana na kuwa utando mmoja unaong'aa kama makamasi. Shangazi aliinama akatazama kisahani kimoja baada ya kingine hadi cha mwisho.

"Hivi vinaua?"

"Vingi havina neno. Ni vya ngozi, vya mikono, vya hewani. Lakini vipo viwili vitatu humu vya tumboni. Mtu mzima mwenye afya huenda asijue kitu. Mtoto mdogo, au mgonjwa, au mjamzito, nisingependa vimfikie."

"Kitambaa nakichemsha kila siku. Kwa mikono yangu."

"Najua. Na asubuhi kikitoka kwako ni safi, sina shaka. Sasa kifuniko cha mia moja je? Kitambaa ni kile kile, na maji ni yale yale ya bakuli. Mikono imeshashika hela, imeshika mpini wa friji, imepokea ndizi kwa muuza matunda, imerudi kwenye kitambaa. Na kitambaa hakikauki, Shangazi. Kinashinda kibichi, juani, dirishani..."

"Basi," Shangazi alisema.

Hakusema kwa hasira. Alikuwa ameelewa kabla mwalimu hajamaliza, na kilichomuuma si kwamba hakujua. Alijua. Alilijua jambo lile la nguo mbichi miaka ishirini na minne, alilisema kila wiki, aliwarudishia watu makapu kwa sababu yake. Alivuta kiti cha wanafunzi, akakaa.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema baadaye. "Nguo yenyewe nimeikata mwenyewe."

Mwalimu alimpa maji ya kunywa. Shangazi aliyanywa yote, kisha akaomba jambo moja: kipimo kirudiwe, yeye akiwapo. Hakutaka kuambiwa, alitaka kuona. Keshoye walifanya. Kitambaa cha saa moja asubuhi, kitambaa cha saa sita mchana, kifuniko kilichotolewa kwenye pakiti kwa mkono uliooshwa na kushikwa ukingoni tu, na kifuniko kilichokaa kaunta bila kufutwa. Walingoja siku mbili. Kitambaa cha asubuhi kilitoa nukta chache. Kile cha saa sita kilijaa. Cha kaunta kilikuwa kibaya kiasi. Kile cha mkono safi na ukingo kilikuwa kitupu.

Jioni hiyo, wakiwa wanafunga duka, alimweleza mdogo wake kila kitu. Mdogo mtu alisikiliza huku anapangusa mashine, na habari ilipofika mwisho alikuwa ameacha kupangusa.

"Sawa," alisema. "Basi kesho hatufuti. Yamekwisha."

"Na ule ubao?"

"Nitaandika kingine. Juisi baridi, au kitu. Watu watasahau."

"Watauliza."

"Wakiuliza tutasema kitambaa kimechakaa. Dada, sikiliza. Hakuna aliyeumwa. Hakuna aliyelalamika. Unataka kusimama pale dirishani utangaze kwamba tumewalisha watu uchafu miaka miwili? Ukimaliza kutangaza tutamuuzia nani?"

"Hujui kama hakuna aliyeumwa."

"Na wewe hujui kama yupo!"

Hapo wote wawili walikuwa wanasema kweli. Waligombana kwa muda, kwa sauti za chini kwa sababu mlinzi wa jengo alikuwa karibu, na wakarudi nyumbani kila mmoja upande wake wa barabara ingawa walikuwa wanakwenda njia moja. Asubuhi mdogo mtu alikuta ubao umeshafutwa. Hapakuandikwa chochote mahali pake. Boksi la vifuniko lilikuwa limeondolewa kaunta na kuwekwa ndani, kwenye rafu, limefunikwa. Karibu na sinki palikuwa na sabuni mpya.

"Hela utapokea wewe," Shangazi alimwambia. "Mimi nitashika vifuniko tu. Anayeshika hela asishike kifuniko."

"Na kuchemsha nani atachemsha?"

"Tutapishana."

Mteja wa kwanza alikuwa fundi bomba aliyekuwa akitengeneza mifereji ya jengo. Alimwona Shangazi akiosha mikono, akivuta kifuniko kutoka kwenye pakiti kwa ncha za vidole, akakibandika na kukibana pembeni kwa viganja bila kugusa pale pa kunywea.

"Leo hunifutii? Nimekukosea nini?"

"Kufuta ndiko kulikuwa kosa," Shangazi alisema. "Kitambaa changu ndicho kilichokuwa kinachafua vifuniko. Tumekipima chuoni pale. Nimeacha. Naomba radhi."

Fundi alikitazama kikombe, akamtazama yeye. "Mimi kazi yangu ni mabomba ya maji machafu," alisema. "Kama nimepona huko, hako kakitambaa kangenifanya nini?" Akaenda zake akicheka.

Si wote waliocheka. Wengine walikunja uso na kunyamaza. Wengine hawakuamini. Mama mmoja mtu mzima alidai kwamba huo ni uvivu umetafutiwa elimu. Karani wa tai alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa, akasema, "Kumbe," na kuondoka, na haikujulikana kumbe ile ilikuwa ya upande gani. Wapo waliosema, "Wewe nifutie tu, Shangazi, mimi nimezoea," naye akakataa, na baadhi yao akawaona wakivuka barabara kwenda kwa yule jirani ambaye kitambaa chake kilikuwa bado kinafanya kazi.

Siku ya tatu alikuja mwanamke aliyekuwa mhasibu wa ghorofa ya tatu. Alikuwa na kawaida ya kununua juisi mbili, yake na ya binti yake wa miaka mitano aliyekuwa akimchukua shuleni mchana. Habari alikuwa ameshazisikia huko juu.

"Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Mwanangu aliharisha mwaka jana," mwanamke alisema. "Siku tisa. Tulimlaza. Walimpima, hawakutuambia maradhi ameyapata wapi. Nilimfukuza dada wa kazi kwa sababu hiyo." Sauti yake haikupanda. "Mwanangu alikuwa anakunywa hapa kila siku. Nataka uniambie kama ni hapa."

Nyuma, mdogo mtu alikuwa amesimama na jagi mkononi, akimkodolea dada yake macho ya kumsihi.

"Sijui," Shangazi alisema. "Huenda ikawa ni hapa. Siwezi kukuapia kwamba sivyo."

"Hilo tu ndilo unaloweza kusema?"

"Ndilo ninalolijua. Na pole. Pole sana."

Mwanamke aliondoa mkono wake juu ya kaunta, akageuka kuondoka. Hakununua kitu. Tangu siku hiyo alitumia mlango wa nyuma wa jengo. Shangazi alikuja kusikia kwamba alimtafuta yule msichana wa kazi ili amwombe msamaha, lakini kama alimpata au hakumpata, hakusikia.

Mdogo mtu hakumsemesha dada yake siku mbili, ila mambo ya kazi: sukari, maji, chenji. Siku ya tatu alisema, "Ungeweza kunyamaza." Shangazi akasema ni kweli, angeweza. Mazungumzo yakaishia hapo, na kidogo kidogo wakarudia kusemezana kama zamani.

Kulikuwa na jambo moja lililobaki, akalifanya mchana mmoja wa siku tulivu. Alivuka kwenda kwa jirani, akamweleza habari za kitambaa, za visahani, za kifuniko cha mia moja. Jirani, mwanamume mnene mwenye adabu, alimsikiliza akiwa amekunja mikono.

"Dada yangu, nashukuru," alisema. "Ila mimi si mtoto. Tangu muache kufuta, nusu ya foleni yenu iko huku. Leo unakuja kuniambia na mimi niache?"

"Nenda chuoni ukapimiwe. Ni bure."

"Nitakwenda nikipata nafasi."

Hakupata nafasi. Aliendelea kufuta, na huenda anafuta mpaka leo.

Biashara ilipungua kwa karibu miezi saba. Kisha ilipanda tena, na si kwa sababu ya ukweli wala ya usafi. Kampuni ya bima ilihamia ghorofa ya nne na watu sitini wasiojua lolote kuhusu kitambaa, wakawa wanateremka kutafuta kahawa iliyo karibu. Mwalimu wa maabara aliendelea na chai yake isiyo na sukari. Kila mwaka somo lile likifika, alivuka kuomba vifuniko kumi, na Shangazi alimwambia achague mwenyewe.

Magoti yalipoanza kumsumbua, mdogo wake aliajiri mtu wa kumsaidia, mwanamke aliyekuwa mshona nguo kabla macho hayajapungua nguvu. Shangazi alimfundisha kazi kwa wiki mbili: kuosha mikono mpaka kwenye kifundo, kukata pakiti upande mmoja tu, kutoa kifuniko kimoja kimoja, kukishika ukingo. Kikianguka, hata kama kimeanguka juu ya meza iliyosafishwa sasa hivi, kitupwe. Mwanamke alikuwa mwepesi wa kuelewa na aliuliza maswali mazuri.

"Na mteja akitaka nimfutie?" aliuliza siku ya kwanza. "Nasikia zamani mlikuwa mnafuta."

"Mwambie hatufuti."

"Akiuliza kwa nini?"

"Mwambie kwa nini."

"Akikasirika?"

"Wengine hukasirika," Shangazi alisema, akamwonyesha mahali sabuni ya akiba inapowekwa.